Kumhudumia mwenye sonona na familia yake kwa simu: ninavyofanya mimi

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, Dodoma. Wagonjwa wangu wengi wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wako Kondoa na Mpwapwa, kwenye vijiji ambako nauli ya kuja kliniki ni hela ya chakula cha siku kadhaa. Kwa hiyo nawafuatilia kwa simu, wao na wanaoishi nao. Haya nakuandikia wewe muuguzi mwenzangu unayetaka kuanza.

Ridhaa ichukue mgonjwa akiwa bado mbele yako. Muulize: nimpigie nani, na nini nisimwambie? Yote mawili yaandike kwenye faili. Wapo wanaomtaja dada badala ya mume. Usibishane nao.

Ukipiga, kabla hujagusa habari ya ugonjwa, uliza: "Uko wapi sasa, na nani yuko karibu?" Mwaka wangu wa kwanza kazini niliruka swali hilo. Nikamuuliza binti mmoja kuhusu mawazo ya kujiua, kumbe simu iko spika na wajomba zake wako mezani wanakula. Wiki tano hakupokea simu yangu. Siku hizi tunapatana neno: akisema "maji yamekatika", najua hayuko peke yake, nabaki na maswali ya ndiyo na hapana.

Neno sonona wengi hawalijui. Utaambiwa ana mawazo, amerogwa, amekuwa mvivu. Habari ya kurogwa usiipinge siku ya kwanza, hawatakusikiliza tena. Mimi huwaambia: huu ni ugonjwa, unachukua usingizi, hamu ya kula, nguvu na furaha, hali hiyo ikifika wiki 2 inahitaji tiba, na inatibika. Mwenye malaria haambiwi ajikaze asitetemeke, na huyu asiambiwe ajikaze.

Kisha uliza vitu vinavyoonekana kwa macho. Mama mmoja wa Kondoa aliniambia mara tatu kuhusu kijana wake, "Hajambo, anaendelea vizuri." Nikamuuliza, leo amekula nini? Kimya. Nikasikia anainuka, kisha mlio wa mfuniko wa sufuria. "Ugali wake wa jana huu hapa, nesi. Hajaugusa." Tangu siku ile sikuuliza tena "hali yake ikoje". Nauliza sahani, nauliza kuoga, nauliza alipata usingizi saa ngapi na kama leo amefika hata uani.

Kwenye dawa ndipo familia nyingi hukwama. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini hazionyeshi kazi ndani ya siku tatu. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wengine zaidi. Kichefuchefu, mdomo kukauka, kusinzia, hayo hutangulia, basi yataje mapema wasije wakadhani dawa imemdhuru. Akichangamka watataka aache. Waambie dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya nafuu, na haikatwi ghafla. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mkupuo inaua, kwa hiyo vidonge vikae kwa ndugu, naye atoe dozi ya siku moja tu. Nawaomba pia sumu ya panya na dawa ya mahindi visikae pale nyumbani.

Swali la kujiua liulize waziwazi: "Umefikia kuwaza kujiua? Umepanga utafanyaje?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akikubali kwamba ana mpango, usikate simu. Mwite ndugu akiwa hewani, mgonjwa asiachwe peke yake hata chooni, na apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Namba ya kituo hicho na ya bodaboda anayeaminika pale kijijini ziwe kwenye faili tangu siku ya ridhaa, maana saa nane usiku si saa ya kuanza kuzitafuta.

Usiage bila kumuuliza anayeuguza: "Na wewe mama, umelala?" Yule mama wa Kondoa alilia hadi nikadhani mtandao umekatika. Hakuwa amekanyaga kwenye kikoba chake, kikundi chao cha kuweka akiba, tangu kijana aanze kuumwa. Tukapanga: Jumamosi mdogo wake aje akae na kijana, yeye aende. Jumatatu nampigia, na swali la kwanza ni kama alikwenda.