Kuagiza gobore la kale kutoka nje hadi Iringa au Mbeya: karatasi kwanza, hela baadaye

Bunduki ya kale ikionekana kwenye mnada wa Ujerumani au Ubelgiji, mtu huangalia bei, na bei mara nyingi ni nafuu. Kinachogharimu ni safari, na kinachoikwamisha safari ni karatasi inayosema jambo moja huku chuma kinasema jingine. Mwongozo huu ni kwa mkusanyaji au makumbusho ndogo ya Nyanda za Juu Kusini inayotaka kitu cha kuonyesha ukutani. Anayetaka kwenda nacho porini ana sheria zake, na hazimo humu.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Kuna makundi matatu. Gobore la gumegume huwashwa kwa cheche ya jiwe. Gobore la fataki huwashwa kwa kikofia kidogo cha shaba kinachopigwa na nyundo. La tatu ni bunduki ya kale inayopokea risasi yenye ganda, na inayotafutwa sana Iringa ni Mauser ya 1871, ndugu wa zile walizobeba askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, waliopigwa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mawili ya kwanza hushindiliwa mdomoni kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Hii ya tatu ina chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na chemba hubadilisha namna kila afisa anavyoitazama.

Muuzaji akikwambia "ya zamani sana," mwombe picha za alama. Mauser halisi ina maandishi I.G. Mod. 71, jina la kiwanda kama Spandau au Amberg, na mwaka. Magobore mengi yaliyoletwa Afrika Mashariki yalitoka Liège na Birmingham. Ya Liège yana herufi ELG ndani ya duara refu. Taji juu ya duara hilo liliongezwa 1893, kwa hiyo gobore lenye taji likiuzwa kama la 1850, uliza maswali. Ukikuta maneno Black Powder Only kwenye mtutu, hiyo ni nakala ya kisasa, hata kama kitako kimepakwa rangi ya kizee.

Taka picha hizi: bunduki nzima pande zote mbili, mtambo wa kufyatulia kwa karibu, kila muhuri, kila nambari, mdomo wa mtutu, na chini ya kitako. Nambari ya kwenye mtutu ikitofautiana na ya kwenye mtambo, andika zote mbili kwenye maombi yako. Ukiandika moja, mkaguzi ataiona ya pili.

Hatua ya 2: Kibali kabla ya malipo

Hapa ndipo wengi wanajikwaa. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kuingiza silaha kunahitaji kibali kabla haijaondoka kwa muuzaji. Usijidanganye kwamba umri unaifuta. Magobore ya wahunzi wa vijijini, ambayo mengine hayana hata nambari, ndiyo hayo hayo polisi wanayakusanya kwenye kampeni za kusalimisha silaha. Lako lililotoka Ulaya halina hadhi nyingine mpaka karatasi iseme hivyo.

Anzia nyumbani: barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha ofisi ya OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), halafu jalada linapanda kupitia kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya na ofisi ya RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) hadi kwa Msajili wa Silaha. Ambatanisha picha zote, maelezo ya muuzaji yenye urefu wa mtutu, kipenyo cha mdomo, mwaka na nambari, pamoja na maelezo ya mahali itakapokaa: kabati la chuma, kufuli, ukuta gani. Makumbusho iongeze barua ya bodi yake.

Maneno ya kibali na ya ankara yafanane neno kwa neno. Kibali kikisema "gobore la fataki, Liège" na ankara ikasema "bunduki ya kale ya mapambo," umejitengenezea kesi. Neno "mapambo" hasa liepuke. Linasikika kama mtu anaficha kitu.

Hatua ya 3: Sheria ya huko inakotoka

Kila nchi ina mstari wake wa umri. Marekani, sheria ya 1968 inaita ya kale ile iliyotengenezwa 1898 au kabla, lakini kanuni za kuuza nje zinatumia mwaka 1890. Kwa hiyo bunduki ya risasi za ganda ya 1895 mtu anaimiliki kama ya kale bila shida, na bado inaweza kuhitaji leseni ya kutoka nchini. Uingereza ilitoa kanuni za silaha za kale mwaka 2021, zenye orodha ya aina za risasi zilizopitwa na wakati. Mwachie muuzaji kazi hiyo, lakini akupe jibu kwa maandishi: leseni inahitajika au haihitajiki, na kwa kifungu gani.

Angalia pia mapambo ya kitako. Pembe ya ndovu au gamba la kasa, hata kipande cha ukubwa wa kucha, huingiza mzigo kwenye CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hapo unahitaji vibali vingine kabisa. Ushauri wetu: iache hiyo, nunua yenye kitako cha mti mtupu.

Hatua ya 4: Posta au ndege?

Muuzaji aulize posta ya kwao kabla ya kukubali. Kila nchi mwanachama wa Umoja wa Posta Duniani hutangaza orodha ya vitu inavyokataa, na posta ya mtumaji huangalia orodha ya nchi mzigo unakokwenda, siyo ya kwao tu. Kampuni za vifurushi vya haraka nazo nyingi hukataa silaha za aina yoyote. Jibu likiwa hapana, mzigo uende kama shehena ya ndege hadi Dar es Salaam kwa jina la wakala wa forodha mwenye leseni.

Kuvunja bunduki vipande vitatu na kuvituma kwa vifurushi vitatu ni wazo linalojirudia kila mara. Usilifuate. Mtutu peke yake kwenye mashine ya eksirei ni mtutu, na sasa una vifurushi vitatu visivyolingana na kibali.

Kwa posta, mzigo wa thamani kubwa hujazwa fomu ya forodha ya CN23. Nambari ya ufuatiliaji ina tarakimu tisa katikati ya herufi mbili za mwanzo na mbili za nchi. Herufi ya kwanza ikiwa C ni kifurushi, E ni EMS (posta ya haraka), R ni rejista. Ihifadhi, maana dirishani wataiomba kabla ya jina lako.

Hatua ya 5: Hakikisha haina baruti ndani

Soma hii mara mbili. Magobore mengi yaliwekwa darini yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu hulipuka hata baada ya miaka mia.

Mwambie muuzaji aingize fimbo ya mti polepole mpaka igote, aweke alama usawa wa mdomo, kisha aitoe na kuilaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha inapaswa kufika usawa wa tundu la moto, kale kanakopitisha cheche hadi kwenye baruti, au kulipita kidogo. Tuseme kutoka mdomoni hadi tunduni ni sentimita 91 na fimbo imeingia 85: kuna sentimita sita za kitu ndani. Huenda ni kutu na matambara, huenda ni baruti, kitambaa na risasi. Asiifyatue wala kuipasha moto, na asijaribu kuchokonoa. Impelekee fundi bunduki mwenye leseni, naye aandike kwamba ameipakua. Barua hiyo inasafiri na mzigo.

Baruti, fataki na risasi zisiwemo kabisa, hata ganda moja la kumbukumbu.

Hatua ya 6: Kufunga

Kasha la mbao, siyo boksi la karatasi. Nyundo iwe imeshushwa, jiwe la gumegume liondolewe. Mtutu na mtambo vipakwe nta ya makumbusho kidogo, halafu karatasi isiyo na asidi, halafu sponji. Plastiki ikigusa chuma hutoa jasho, na kutoka joto la Dar hadi baridi ya Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya bahari, jasho hilo hugeuka kutu siku hiyo hiyo. Weka silika jeli ya kunyonya unyevu gramu 200. Mdeki ufungwe kando. Ukibaki kwenye mfereji wake chini ya mtutu unavunja ncha ya kitako.

Nakala za kibali, ankara, barua ya fundi na picha ziwe mbili: moja ndani, moja kwenye bahasha nje.

Hatua ya 7: Forodha

Wakala hujaza TANSAD, hati ya tamko la forodha, kwa TIN yako (namba ya mlipakodi). Silaha za Sura ya 93 ya kitabu cha ushuru zimo kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na mabaki ya kihistoria yamo pia. Magobore yana kichwa (namba ya aina ya bidhaa) 93.03, lakini vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 huhamia 97.06. Mweleze wakala mapema uthibitisho wa umri ulionao. Kichwa kikibadilika, kinabadilika kiwango cha ushuru tu. Kibali cha polisi bado kinatakiwa. VAT ya 18% huhesabiwa juu ya thamani ukijumlisha na ushuru, kwa hiyo kosa dogo la thamani huzaa mara mbili. Usimwombe muuzaji ashushe bei kwenye ankara. Bei za minada ziko mtandaoni, na afisa ana simu kama wewe.

Hatua ya 8: Kutoka Dar hadi nyumbani

Usimkabidhi kondakta wa basi. Safiri nayo mwenyewe kwenye gari lako au la wakala, ikiwa ndani ya kasha lililofungwa, na kibali halisi mkononi, siyo picha kwenye simu: kati ya Morogoro na Mikumi utasimamishwa.

Ukifika, acha kasha limefungwa saa 48 ili mti uzoee hewa. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba Iringa hukausha mbao mpaka kitako kinapasuka, hivyo usiitundike karibu na dirisha la jua. Halafu ipeleke kwa OCD ilinganishwe na kibali na kusajiliwa. Kutu ya kahawia usiisugue kwa msasa: ndiyo inayoonyesha kwamba ni ya kale, na mnunuzi wa kesho ataitafuta.