Kabla hujasokota sufu, ivute kwanza uone inakatikia wapi

Ndugu zangu wafugaji wa huku mlimani Elgon, Kapchorwa na Bukwo, na wengine wote mnaofuga kwenye baridi, swali ninaloulizwa sana na kina mama wanaofuma ni hili, sufu ya kondoo gani ndiyo ngumu, yaani haikatiki upesi. Swali zuri, lakini jibu lake halikai kwenye jina la kondoo peke yake.

Tuanze na aina kidogo. Kondoo wetu wengi Uganda ni wa nywele, hata Dorper ni wa nyama na sufu yake fupi inajipukutikia yenyewe, hao tuwaache. Ukipata chotara wa kondoo wa sufu, mara nyingi utakuta ndani ya manyoya kuna zile nywele nene nyeupe kama chaki, zimekakamaa lakini zinavunjika ovyo na rangi haziishiki, hizo zitoe kwa mkono kabla ya kusokota maana zinaharibu uzi wote. Merino ana sufu nyembamba, maikroni 17 mpaka 24 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), Corriedale ambaye ni mchanganyiko wa Merino na Lincoln uliofanywa New Zealand yuko 25 mpaka 31, Romney anapita 31, na Lincoln mwenyewe anafika 40. Sasa unywele ukiwa mnene mara mbili unabeba karibu mara nne, kwa hiyo ukivuta mmoja mmoja Lincoln anamshinda Merino mbali sana, lakini kwenye uzi wa uzito uleule Merino anakuwa na nywele nyingi zaidi zinazoshikana, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Kuvutika nako ni jambo lingine kabisa. Sufu ukilinganisha na pamba inashindwa nguvu, hilo tukubali, pamba ni ngumu zaidi, ila pamba ikivutwa asilimia 7 hivi imeshakatika wakati sufu kavu inaenda asilimia 25 mpaka 35 ndiyo ikatike, ikilowa inaenda zaidi. Na ukiivuta kidogo tu ukaachia, inarudi karibu pale pale. Merino ana mikunjo mingi midogo kama mawimbi, uzi wake unaruka kama springi, huo ni wa sweta na soksi na kofia za watoto. Lincoln na Romney mikunjo yao ni mikubwa na michache, huo peleka kwenye zulia, mkeka wa sufu, mkanda wa begi. Ukifuma sweta ya Lincoln itamchoma mtu shingoni, na ukifanya zulia la Merino litaisha haraka, usije ukalaumu kondoo.

Haya, sasa nije kwa lile linaloniuma. Mwaka fulani nilisokota sufu nzuri tu ya machoni, ndefu, laini, lakini uzi ukawa unakatika katika kila nikivuta, nikadhani mkono wangu ndio mbaya. Kumbe nilipochukua kishungi kimoja nikakivuta kikakatikia katikati, cha pili hapo hapo, cha tatu hapo hapo! Kondoo yule alikuwa na minyoo wakati wa kiangazi, akakonda, na unywele uliokuwa unaota siku zile ukatoka mwembamba. Yaani njaa ya kondoo inaandikwa kwenye sufu yake na haifutiki, hata akinenepa baadaye lile pengo linabaki palepale.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kishungi chenye unene wa njiti ya kiberiti, kishike ncha zote mbili, kisogeze karibu na sikio, kivute kikaze halafu mwenzio akipige kwa kidole. Kikilia kama uzi wa gitaa, sufu iko sawa. Ukisikia mlio wa kupasuka pasuka kama majani makavu, au kikakatika, ni dhaifu. Kikikatika pima kwa rula. Tuseme ulinyoa Agosti na mwaka mzima kimeota sentimita 10, ncha ya nje ndiyo ya zamani, basi kukatikia sentimita ya 5 kutoka nje ni Januari au Februari, yaani kiangazi chenyewe. Si hesabu kamili, sufu haioti sawasawa kila mwezi, lakini utajua pa kuangalia kwenye ulishaji.

Ndiyo maana mimi nashauri kunyoa mwisho wa Februari badala ya Agosti. Lile pengo la kiangazi linaangukia pembeni, karibu na ngozi, katikati panabaki pazima na unapata uzi mrefu. Ila kondoo aliyenyolewa mvua ya Machi ikimkuta nje kwenye baridi hii anaweza kufa, banda liwe tayari kwanza.

Kiangazi kisikukute mikono mitupu, weka majani ya viazi vitamu yaliyokaushwa na majani ya kaliandra (mti wa malisho), maana sufu inajengwa kwa protini yenye salfa na nyasi kavu peke yake haitoshi. Dawa ya minyoo mpe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na jike anayenyonyesha aongezewe chakula, huyo ndiye sufu yake inakatika zaidi. Chumvi ya madini ya ng'ombe usimpe kondoo, shaba iliyomo inamuua polepole. Shaba ikipungua sana nayo sufu inapoteza mikunjo na kuwa kama waya, kwa hiyo nunua ile ya kondoo tu.

Kwenye kufua, sufu ikilowa nguvu inapungua huku kuvutika kunaongezeka, basi usiikamue kwa kuizungusha wala usianike sweta kwenye kamba, itarefuka ikukatishe tamaa. Maji ya majivu na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe vinakula sufu, tumia sabuni laini na maji ya uvuguvugu bila kusugua, kisha tandaza juu ya turubai kivulini, ugeuze geuze mpaka ikauke.