Somo: Kupima hei kabla hujalipa

Wafugaji wenzangu, kiangazi kinakuja na malori ya hei, yaani nyasi kavu za kulishia mifugo, yameanza kupita. Wengi wetu tunanunua kwa kuhesabu marobota, na hapo ndipo pesa inapopotea.

1. Anza na mizani ya kuning'iniza. Pima marobota matano. Tuseme kila moja ni shilingi 4,000: la kilo 16 limekugharimu 250 kwa kilo, la kilo 10 limekugharimu 400.

2. Fungua moja. Rangi ya nje isikutishe, jua hupausha juu tu. Ndani tafuta ukijani, harufu nzuri ya nyasi kavu, na majani mengi kuliko mabua, maana protini iko kwenye majani. Ukikuta mashuke yameshapukutisha mbegu, nyasi zilikatwa zimezeeka. Boma Rhodes (aina ya nyasi za malisho) iliyokatwa ikianza kuchanua huweza kufika protini asilimia 9 au 10. Ikikomaa hushuka chini ya 7, na hapo vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyuzinyuzi hukosa nguvu. Ng'ombe anajaza tumbo, ndoo haijai. Pengo hilo utaliziba kwa mashudu, na bei ya mashudu mnaijua.

3. Sokota fungu mkononi. Likikatika, limekauka. Likijipinda tu, bado lina maji, na unyevu ukizidi asilimia 20 ukungu hauchelewi.

4. Kwa mzigo wa msimu mzima, peleka sampuli maabara, mfano Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Chota katikati ya marobota kama 20 ya shamba moja, polepole majani yasipukutike, changanya, funga mfukoni. Omba wapime unyevu, protini ghafi na nyuzinyuzi.

MASWALI

Mwalimu, nyasi zangu zilinyeshewa zikiwa zimelazwa shambani. Nizitupe?
– Hapana. Mvua imeosha sukari na kuangusha majani, lakini kama hazina ukungu wape wasiokamuliwa. Wenye maziwa watafutie nzuri.

Nikinyunyizia molasi hei ya mabua, si inakuwa sawa?
– Wataila vizuri zaidi na kupata nguvu kiasi. Protini bado itakosekana.

Tulifunga juzi. Nikiingiza mkono katikati ya robota nasikia joto.
– Ndugu yangu, yatoe stoo leo hii, uyatandaze nje yakiwa yameachana. Hei iliyofungwa mbichi ikipata joto kwenye rundo inaweza kujiwasha yenyewe. Ukikuta moshi au joto kali, usifukue peke yako. Ita zimamoto kwanza.