Namna ya kupima mbegu za fahali zinavyojishikiza kwenye mrija wa uzazi wa ng'ombe

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mwanafunzi wa sayansi ya mifugo aliyetaka kuona mbegu za fahali zikijishikiza kwenye istimasi, yaani sehemu nyembamba ya mrija inayopakana na mfuko wa uzazi. Yai la ng'ombe hutoka takriban saa 30 baada ya joto, yaani hali ya kutaka dume, kuanza. Mbegu zilizotangulia hudumu kwa kujishikiza kwenye silia, yaani vinyweleo vidogo sana vinavyopigapiga kwenye ukuta wa ndani wa mrija, ilhali zisizoshika hudhoofika mapema.

Hatua ya 1. Machinjioni, chukua mfuko wa uzazi ukiwa na mirija na ovari zote, uuweke kwenye boksi la barafu, kisha ufanye kazi siku hiyohiyo.

Hatua ya 2. Kata istimasi, ondoa mafuta na utando unaoishikilia, halafu isuuze.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Bana ncha moja, kisha pitisha ukingo wa kioo cha hadubini juu ya mrija ukielekea ncha iliyo wazi, ili epitheliamu, yaani utando wa ndani wenye silia, itoke kama dawa ya meno kwenye tyubu. Wapo wanaokwangua kwa wembe. Mimi siafiki, kwa sababu wembe hubeba damu na tishu za chini. Ivute na kuisukuma taratibu kwa pipeti ndani ya mmumunyo wa TALP (maji ya chumvi na virutubisho ya kutunzia mbegu na seli), iache itulie chini, mwaga maji ya juu, na urudie mpaka yawe maangavu, kwani ute ukibaki utanasa mbegu nawe utadhani zimejishikiza. Ukiwa mezani tumia TALP yenye HEPES, kemikali inayozuia kiwango cha asidi kubadilika hewani. Ile ya bikaboneti ikikaa hewani hupoteza kabonidayoksaidi, na rangi yake kugeuka zambarau ni dalili kwamba alkali imezidi. Weka vipande vya epitheliamu kwenye inkubeta yenye nyuzi 39 mpaka vijikunje, silia zikitazama nje. Kipande kisichojikunja huacha upande wa chini wazi, na kipande kikubwa mno hujipanga tabaka juu ya tabaka usiweze kuhesabu. Vyote viwili uviache. Silia zilizopoa husimama, kwa hiyo usihukumu kuwa kipande kimekufa kabla hakijapata joto, na uhakikishe meza ya hadubini nayo ina joto.

Hatua ya 4. Yeyusha strow (mrija mdogo wa plastiki wenye shahawa zilizogandishwa) ya mililita 0.25 katika maji ya nyuzi 37 yaliyopimwa kwa kipimajoto, si kwa kidole. Strow za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, zinafaa. Acha mbegu ziogelee zenyewe kupanda kwenye TALP, ili mabaki ya dawa ya kugandishia yabaki chini. Usiweke heparini (kemikali inayojulikana kwa kuzuia damu kuganda) katika hatua hii, maana huzikomaza mbegu nazo huacha kushika.

Hatua ya 5. Changanya vipande na mbegu milioni 1 kwa kila mililita, subiri dakika 30, kisha uvihamishe mara mbili kwenye TALP safi kwa pipeti ya mdomo mpana. Hesabu mbegu ambayo kichwa chake kimetulia kwenye silia huku mkia ukiendelea kupiga. Iliyolala tu juu ya kipande haihesabiki.

Hatua ya 6. Andaa kisahani cha pili chenye fukosi, aina ya sukari. Mbegu za fahali hushika sukari hiyo kwenye epitheliamu kupitia protini za majimaji ya shahawa, ikiwamo PDC-109, kwa hiyo fukosi ya ziada hupunguza kushikamana. Isipopunguza, rudi hatua ya 3, kwani huenda ulichokuwa ukihesabu ni ute. Usiazime sukari ya mnyama mwingine: kwa hamsta ni asidi ya siali, na kwa farasi ni galaktosi. Ukishamaliza kuhesabu, ongeza heparini, mikrogramu 10 kwa mililita, nawe utaziona mbegu zikianza kuachia.