Kufunga kihisi cha mitaro nyuma ya kiti mwendo cha umeme

Kando ya barabara nyingi za Arusha mtaro uko wazi, na mtumiaji anayerudi nyuma hawezi kugeuza shingo kiasi cha kuuona.

Vifaa: Arduino Nano (bodi ndogo ya kompyuta), kihisi cha leza VL53L1X (bodi yenye kidhibiti chake cha volti), baza ya volti 5, kishusha volti LM2596, swichi, fyuzi ya ampea 1.

1. Umeme. Betri mbili za volti 12 hutoa 24, na zikichajiwa hufika karibu 29. Fyuzi ikae jirani na betri. Rekebisha LM2596 itoe volti 5 kabla ya kugusa Nano. Usinyonye umeme kwenye betri moja tu. Itachoka kabla ya mwenzake.

2. Waya. SDA ya kihisi (waya wa data) kwenye pini A4 ya Nano, SCL (waya wa mapigo ya saa) kwenye A5, baza kwenye D8.

3. Pembe. Hapa ndipo kazi ilipo. Vihisi vya mawimbi ya sauti sivitaki kwa mitaro: vikiinamishwa juu ya saruji laini, mwangwi hutelezea mbele na haurudi, kwa hiyo sakafu salama huonekana shimo. Leza huvumilia mwinamo. Ifunge sentimita 60 kutoka chini, nyuma ya kiegemeo, iinamie nyuzi 40 kutoka wima. Itapiga ardhi sentimita 50 nyuma, na kipimo cha kawaida kitakuwa 78. Hiyo 50 ni kutoka kwenye kihisi: toa urefu ambao magurudumu madogo ya nyuma yamejitokeza. Kwa kilomita 2 kwa saa, sentimita 50 huisha chini ya sekunde moja, basi punguza kasi ya kurudi nyuma. Tumia hali ya masafa mafupi, maana jua la mchana huua ile ya masafa marefu. Koni ambayo kihisi huona ni nyuzi 27, na ardhi ya karibu huficha ukingo. Kwenye programu, punguza eneo la kusomea liwe seli 8×8 za kupokea mwanga.

4. Kikomo. Baza ilie kipimo kikizidi sentimita 93 mara tatu mfululizo, ukipima kila milisekunde 50. Mara moja tu ni kiti kimeyumba kwenye tuta. Kipimo kikikosekana, ilie pia: maji ya mtaroni hayarudishi mwanga vizuri.

5. Usiguse waya za kijiti cha kuendeshea. Kihisi kionye tu, breki zibaki kwa mwenye kiti.

6. Futa lenzi kila asubuhi. Vumbi la kiangazi hukirudishia kihisi mwanga wake chenyewe, nacho husoma sentimita chache tu, baza ikabaki kimya.