Somo: Kuidhibiti jeki kwenye jaribio mseto la wakati halisi

Dodoma iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na mpasuko wa Hombolo hauko mbali na tunapopandisha maghorofa. Meza ya kutikisa jengo zima ni ghali mno. Njia hii inatosha: kipande halisi kiwe maabarani, jengo lililobaki lihesabiwe na kompyuta, jeki ya haidroliki iviunganishe papo hapo.

Hatua ya 1. Gawanya jengo. Kipande ambacho hesabu zako hazikiwezi, mfano kiungio cha nguzo na boriti, ndicho kiende maabara.

Hatua ya 2. Pima jeki inachelewa kiasi gani tangu ipewe amri hadi isogee. Msipite hapa haraka. Jeki ikichelewa, nguvu unayoisoma ni ya pale jengo lilipokuwa, na hesabu inaongezewa nishati badala ya kupunguziwa. Chukua fremu ya hezi 2 inayofifisha mtikisiko kwa asilimia 2, ukakamavu wote (ugumu wa kupinda) ukiwa kwenye kipande halisi. Kikomo cha kuchelewa ni 2 × 0.02 ÷ 12.57 (12.57 ni 2π × hezi 2), yaani milisekunde 3.2 hivi. Jeki nyingi huchelewa 10 au zaidi! Bila fidia, yaani kuusahihisha ucheleweshaji huo, mtikisiko utakua wenyewe hadi uvunje kipande.

Hatua ya 3. Rudia kipimo jeki ikiwa tupu, ikishika kipande kizima, na ikishika kilichokwisha kupasuka. Zege likipasuka ukakamavu hushuka, na mwenendo wa jeki hubadilika.

Hatua ya 4. Sanifu kidhibiti cha H-infiniti, yaani kinachosanifiwa kwa kuzingatia hali mbaya kuliko zote. Mkondo wa katikati ya vipimo vya hatua ya 3 uwe modeli ya jeki. Chora mpaka unaofunika tofauti zote za vipimo hivyo. Kidhibiti kibaki tulivu popote ndani yake. Utapoteza usahihi kidogo. Kubali.

Hatua ya 5. Weka kikomo cha mwendo na nguvu kinachozima pampu chenyewe.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Kwa nini nisitabiri mbele mwendo wa jeki kwa polinomia tu, ili kufidia kuchelewa?
— Marahaba. Inafaa kuchelewa kukiwa hakubadiliki. Zege likishapasuka, muda uliokadiria si ule tena, na polinomia hukuza kelele za vihisi.

Injinia, udhibiti wa kuteleza (sliding mode) je?
— Ni imara kweli, ila amri zake hubadilika ghafla na kuitetemesha vali ya mafuta. Zilainishe karibu na uso wa kuteleza, yaani mwenendo ambao kidhibiti huulazimisha mfumo kuufuata.

Kompyuta ya kawaida itaweza?
— Hatua ya hesabu ya 1/1024 ya sekunde hutumika sana. Modeli isipomaliza hesabu ndani ya muda huo, punguza viungo vyake kabla ya kugusa jeki.