Kuilaza Sensa Isiyotumika: Umeme na Draiva za Linux

Mwongozo huu unamhusu anayeandika draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa, kwa ajili ya kifaa kidogo, tuseme sensa ya joto iliyounganishwa kwa I2C (njia ya nyaya mbili ya kuunganisha chipu), ambayo inasoma vipimo vizuri lakini inakula umeme usiku na mchana hata pasipo mtu wa kuisoma. Tutatumia utaratibu wa kulaza kifaa kimoja kimoja huku mfumo wenyewe ukiwa kazini, ulioingia katika kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux toleo la 2.6.32 mwaka 2009 kwa kazi ya Rafael J. Wysocki.

Kwanza, andika fanksheni mbili. Ya kulaza inasimamisha saa ya kifaa, yaani mapigo yanayoendesha kazi zake, kisha inakata umeme. Ya kuamsha inafuata mpangilio wa kinyume na kurudisha thamani za rejista (vihifadhi vidogo vya mipangilio ndani ya chipu), kwa sababu chipu iliyokatiwa umeme haikumbuki ulichoiagiza. Zifunge pamoja kwa makro ya kerneli DEFINE_RUNTIME_DEV_PM_OPS, ambayo pia huzitumia mfumo mzima unapolala, ukaokoa kazi ya kuandika nyingine mbili.

Pili, katika probe, fanksheni ya draiva inayoitwa kifaa kinapopatikana, kumbuka kwamba kerneli huanza kwa kudhani kila kifaa kimelala. Ikiwa umekwisha kukiwasha, ita pm_runtime_set_active kabla ya devm_pm_runtime_enable. Weka pia muda wa kusubiri kabla ya kukilaza. Mimi huanza na milisekunde 1000, kwani kuzima na kuwasha kila baada ya usomaji mmoja kwaweza kula umeme kuliko kukiacha macho.

Tatu ni hesabu, na hapa ndipo draiva nyingi huharibika. Anayekihitaji kifaa huongeza kihesabio kwa moja, na akimaliza hukipunguza. Kikifika sifuri, kifaa kinaruhusiwa kulala. Fanksheni ya zamani, pm_runtime_get_sync, huongeza kihesabio hata pale kuamsha kunaposhindikana, kwa hiyo mwandishi anayerudisha kosa na kuondoka bila kupunguza huacha deni lisilolipwa, na kifaa hakilali tena. Nimewahi kupoteza siku mbili nikilaumu saketi, kumbe kosa lilikuwa kwenye mstari wangu mmoja wa return. Tumia pm_runtime_resume_and_get, iliyoongezwa katika toleo la 5.10, ambayo hujirekebishia hesabu ikishindwa. Ukimaliza kusoma, ita pm_runtime_mark_last_busy, kisha pm_runtime_put_autosuspend.

Nne, pima. Katika saraka ya kifaa ndani ya /sys, andika auto kwenye power/control, soma joto mara moja, subiri sekunde chache, kisha tazama power/runtime_status: isomeke suspended. Halafu ifanye fanksheni ya kuamsha irudishe -EIO (kosa la mawasiliano na kifaa) kwa makusudi na usome joto tena. Hali katika power/runtime_status itakuwa error, lakini power/runtime_usage, yaani kihesabio cha hatua ya tatu, inayoonekana kerneli ikijengwa na CONFIG_PM_ADVANCED_DEBUG, lazima ibaki 0. Ikipanda kila unapojaribu, rudi kwenye hatua ya tatu.